Kabla hujamwita mwanao jeuri, soma hapa

WIKI hii nataka nizungumze na wazazi wenye watoto wa kati ya miaka 12 na 18. Ninawasema wale ambao sauti zimeanza kukwaruza, chunusi zimewatoka usoni, na ukiwatuma dukani wanaondoka wakinung'unika. Na wewe kijana uliyelikuta gazeti hili mezani kwa baba, usilifunge. Mwishoni nina maneno yako.

Karibu kila mzazi ninayekaa naye siku hizi ana lalamiko lile lile. "Mwanangu amebadilika. Zamani alikuwa anaongea, sasa ukimsemesha anajibu neno moja. Amekuwa jeuri, mvivu, kutwa kajifungia chumbani." Ukimwuliza mzazi huyo kama amewahi kufikiri kwamba mtoto ana jambo linalomsumbua, anacheka. "Jambo gani bwana? Halipi kodi, hanunui unga, hadaiwi na mtu. Kazi yake kula, kulala na kusoma!"

Hapo ndipo ninapotaka tuanzie. Mtoto huyo anadaiwa, tena pengine deni lake ni zito kuliko lile la baba yake pale dukani. Baba anaweza kumkwepa Mangi kwa kupita njia ya nyuma mpaka mwisho wa mwezi. Mtoto hana njia ya nyuma, kwa sababu anayemdai anakula naye mezani na kulala naye nyumba moja.

Ninaposema deni, ninamaanisha yale maneno tunayoyasema kwa mapenzi kabisa. "Wewe ndiye tegemeo letu." "Soma mwanangu uje uwatoe wadogo zako." "Mimi nilikosa nafasi hiyo, wewe usije ukaniangusha." Hakuna tusi hapo, na mzazi anayesema hivyo anampenda mwanawe. Lakini mtoto wa miaka 15 akiyasikia asubuhi na jioni, anaanza kuweka daftari kichwani. Anaandika twisheni, anaandika viatu, anaandika nauli, anaandika ile nyama ambayo mama hakula ili yeye ale. Na tarehe ya kulipa anaijua. Ni siku ya matokeo.

Kuna kijana mmoja mtaani kwetu, yuko kidato cha tatu. Kila Jumapili jioni tumbo lilikuwa linamkata. Alipimwa malaria, hakuna. Akapimwa taifodi, minyoo, vidonda vya tumbo, hakuna kitu. Mama akaacha hospitali, akaenda kwa mtu wa mitishamba, akapewa dawa ya kuchemsha. Tumbo likatulia Jumatano, Jumapili likarudi. Baba akafunga kesi: mtoto anatega shule.

Siku moja nilikuwa naye kwenye foleni ya maji. Sikumuuliza habari za tumbo, maana alishaulizwa vya kutosha. Nilimuuliza tu Jumatatu huwa wana vipindi gani. Akanyamaza, akasogeza ndoo, kisha akasema kwamba Jumatatu wanarudishiwa majaribio ya hesabu. Baada ya kimya kingine akaongeza jambo ambalo mimi sikuuliza. "Mama aliuza cherehani yake, nikalipiwa twisheni." Nikataka kujua kama mama yake anajua kwamba jambo hilo linamnyima raha. Akanitazama kama mtu anayeshangaa swali la kijinga. "Nitamwambiaje? Ataona namsema."

Hebu msomaji wangu litazame jambo hilo. Mtoto hakunyamaza kwa jeuri. Alinyamaza kwa sababu anampenda mama yake na hakutaka kumuumiza. Mdomo ukafungwa, tumbo likaongea.

Mwili kusema yale ambayo mdomo umeyaficha si jambo geni hapa nchini. Tena tunao mfano unaojulikana duniani kote, ila sisi wenyewe wengi tunausikia kama kichekesho. Ninasema juu ya ule ugonjwa wa kucheka wa mkoani Kagera.

Januari 30, 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Tanganyika ipate uhuru, wasichana 3 wa shule ya bweni ya kimisheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikawapata wenzao. Walicheka, wakalia, wakawa wakali walipojaribiwa kushikwa. Wengine hali hiyo iliwachukua saa chache, wengine ilikwenda mpaka siku 16. Katika wanafunzi 159, waliopatwa walikuwa 95. Machi 18 shule ikafungwa. Ilifunguliwa Mei 21, lakini kabla ya mwezi Juni kwisha ikafungwa tena.

Wasichana waliporudishwa makwao, mambo yakazidi. Katika kijiji cha Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walipatwa, na wengi walikuwa watoto wa shule na vijana. Madaktari walitafuta vijidudu, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakuona kitu. Mwaka 1963 madaktari wawili, Rankin na Philip, waliandika taarifa yao katika jarida la udaktari. Wakati wa mkasa huo pale shuleni hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Ugonjwa uliwachagua wanafunzi.

Miaka mingi baadaye msomi mmoja, Christian Hempelmann, aliyachambua yale yaliyoandikwa akasema watu walikosea kudhani ni kicheko cha furaha. Ulikuwa msongo wa mawazo uliowatokea watoto kwa pamoja. Wale walikuwa wasichana wa umri wa kubalehe, mbali na mama zao, chini ya sheria kali za bweni. Nchi ilikuwa mpya, na wazazi na walimu walikuwa wanawatarajia makubwa. Msichana aliyekuwa shuleni mwaka 1962 alikuwa amebebeshwa matumaini ya ukoo mzima. Nani angemwambia mwalimu mkuu kwamba mzigo umemzidi?

Na leo? Wewe na mimi tunazijua shule ambazo wasichana wameanguka na kupiga mayowe darasani, mmoja akianza wanafuata 10. Tunasema ni mapepo. Sitaki kugombana na imani ya mtu. Wewe omba, lakini ukishasema amina, kaa chini umuulize mtoto analala saa ngapi, anaogopa nini na nani anamtisha.

Sasa kwa nini mambo haya yawapate zaidi wenye umri huu? Wataalamu wa ubongo wanatueleza kwamba sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile inayotusaidia kupima mambo na kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka 20. Lakini upande wa hisia unakuwa umeshachangamka tangu balehe inapoanza. Kwa lugha ya dereva, gari lina injini ya basi la Mwanza na breki za baiskeli. Jambo ambalo wewe mwenye miaka 45 utalilalia likaisha, yeye linamkesha.

Halafu kuna hili la kutazamwa. Mwaka 1967 mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, alieleza kwamba kijana anayepevuka huwa anajiona kama yuko jukwaani na watu wote wanamtazama. Wewe unaona kiraka kidogo kwenye sketi ya shule, yeye anaona uwanja mzima umesimama kukitazama kiraka. Ukimwambia "nani ana muda wa kukuangalia wewe", unasema kweli, lakini kweli hiyo haimfikii. Na siku hizi yule mwenye simu anaweza kuhesabu kabisa ni wangapi wameitazama picha yake na ni wangapi wameipita.

Tuje shuleni. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili kwa miaka yote. Darasani alikuwa kipanga, mkono hauteremki. Anaingia kidato cha kwanza, anakuta masomo karibu yote ni Kiingereza. Anajua jibu, ila hajui kulisema. Akijaribu, wenzake wanaangua kicheko. Baada ya muhula mmoja yule kipanga anakaa nyuma, ananyamaza, na ameshaanza kujiita kilaza. Nyumbani baba anaona namba zimeshuka anauliza ni msichana gani anamharibia mwanawe. Jamani, hakuna msichana. Kuna lugha.

Kwa msichana kuna mengine juu ya hayo. Akitoka shule anachota maji, anapika, anaogesha mdogo wake, na daftari analifungua saa 4 usiku wakati kaka yake alishasoma akalala. Njiani kuna mtu mzima anamwita kila siku, leo anampa lifti, kesho anampa pesa ya chipsi. Anataka kusema nyumbani, lakini anakumbuka dada fulani alisema, akajibiwa "na wewe utakuwa ulimchekea". Basi anabadilisha njia, anafika shule amechelewa, anachapwa kwa kuchelewa. Ukimuuliza kwa nini amechelewa anainamisha kichwa. Hapo ndipo neno jeuri linapoingia.

Mvulana naye tumemfunga mdomo tangu ana miaka 5. "Mwanamume halii." Sasa ana miaka 16, amefiwa, au amekataliwa, au anaonewa bwenini na wakubwa zake, na mlango wa kulia tulishaupiga kufuli. Wengi wao wanaupitishia kwenye hasira. Anapiga mdogo wake, anavunja kikombe, anatoka usiku. Sisi tunaongeza adhabu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila vijana 7 wa miaka 10 mpaka 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa la watoto 70 ufanye hesabu. Ni kama 10 kwa wastani, na wameketi humo humo na wenzao, wengi wao bila mtu kujua.

Na sasa nirudi kwenye ile siku ya kulipa deni, siku ya matokeo. Wenye umri wangu tunakumbuka kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa shule, kidole kinashuka kwenye orodha. Angalau pale ulikuwa unapata nafasi ya kutembea peke yako mpaka nyumbani, ukipanga maneno. Leo matokeo yako kwenye simu. Mjomba alishaomba namba ya mtihani tangu Novemba, shangazi naye anayo, na mpangaji wa chumba cha uani anayo. Mtoto anaweza kuwa bado hajaamka, ukoo mzima umeshaona.

Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Serikali ikaunda tume, na mwezi Mei mwaka huo huo ikaamua matokeo yafutwe na alama zipangwe upya. Karatasi zilikuwa zile zile, majibu yale yale, mwandiko ule ule. Lakini wapo watoto waliokuwa sifuri mwezi Februari ambao mpaka mwisho wa Mei walikuwa wamefaulu. Ninajiuliza mpaka leo, yale maneno waliyoambiwa nyumbani katika miezi ile 3 nani aliyafuta? Mtoto aliyeitwa mzigo mezani mbele ya wageni, alipofaulu Mei aliombwa radhi?

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza la Mitihani halikutaja tena wanafunzi bora wala shule bora. Mimi naona ni uamuzi wa busara. Lakini huku majumbani bado sisi ni baraza letu wenyewe. Tunapanga watoto wetu na wa jirani, nani wa kwanza na nani wa mwisho, tena mbele yao wakisikia.

Sasa basi, ufanye nini? Sisemi mtoto aachwe asisome, wala asikemewe akikosea. Ninasema mambo machache tu.

La kwanza, mfutie deni kwa mdomo wako. Yule mama wa cherehani alipopata habari, kwa ruhusa ya kijana mwenyewe, alikaa naye jikoni akamwambia, "Cherehani niliuza mimi kwa hiari yangu. Ilikuwa kazi yangu kama mama. Wewe hunidai." Sitadai kwamba tumbo lilipona siku hiyo. Lilipungua kidogo kidogo, kuna Jumapili lilimrudia. Lakini kijana alianza kusema "kesho tuna majaribio, naogopa", na mtu anayeweza kusema naogopa hana haja ya kuugua tumbo ili aeleweke. Hesabu bado si rafiki yake, na baba yake ameshaacha kumwita mtegaji.

La pili, usimhoji kama polisi. Ukimwita sebuleni, ukazima redio, ukamkazia macho na kusema "haya, niambie una tatizo gani", hutapata kitu. Vijana wanasema vizuri wakiwa hawatazamwi. Ongea naye mkimenya viazi, mkifua, mkitembea kwenda kituoni. Ukiuliza, nyamaza. Kimya chake kikikushinda ukaanza kutoa hotuba, umepoteza.

La tatu, akikuambia jambo, usikimbilie kusema "hilo tu?" au "sisi enzi zetu tulitembea kilometa 10 pekupeku". Kweli ulitembea. Lakini yeye hakukuuliza habari za miguu yako.

La nne, mwache alale. Mwili wa umri huu unahitaji saa 8 mpaka 10 za usingizi, na usingizi wenyewe unawajia kwa kuchelewa usiku, ndiyo maana asubuhi wanaamka kama wamelewa. Mtoto anayeamshwa saa 10 alfajiri ili awahi twisheni na kulala saa 6 usiku, siku zote 6 za wiki, hana uvivu. Amechoka.

La tano, zitazame dalili. Ameacha marafiki aliowapenda. Ameacha mpira au kwaya. Halali au analala kutwa. Hali au anakula bila kipimo. Anaumwa kichwa na tumbo na vipimo havioni kitu. Anagawa vitu vyake anavyovithamini. Anasema "mngekuwa na raha nisingekuwepo". Neno hilo la mwisho usilicheke wala usilijibu kwa kofi, hata kama amelisema kwa utani. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kutua mzigo. Usimwache peke yake, na mpeleke hospitali aonane na daktari wa afya ya akili. Kumwona daktari huyo si ukichaa, kama vile kumwona daktari wa meno si ukibogoyo.

Sasa wewe kijana niliyekuahidi maneno yako. Sitakuambia "usiwe na mawazo", maana mawazo hayatii amri. Nakuambia tafuta mtu mzima mmoja. Si lazima awe baba au mama. Anaweza kuwa shangazi, mwalimu wa michezo, mama wa jirani, kiongozi wako wa kanisani au msikitini. Ukimwambia mmoja akakupuuza, usihitimishe kwamba watu wote ni hivyo, nenda kwa wa pili. Na kama humwoni hata mmoja, hapa Tanzania ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kupiga ni bure, na wanaopokea kazi yao ni kusikiliza.

Na wazazi wangu mabwana wakubwa na mabibi, leo jioni msitangaze mkutano. Mwite jikoni akusaidie kukatakata mchicha, umuulize kesho ana vipindi gani, kisha unyamaze usikie.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.